Kuzamia baharini na maradhi ya moyo: tuseme kweli kwenye fomu

Baadhi yetu tunaoishi Birmingham, tukienda likizo Zanzibar, hupenda kuzamia Mnemba kwa mtungi wa hewa. Fomu huuliza kuhusu moyo na presha. Tusiandike "hapana" kwa kuogopa kukataliwa. Majini damu nyingi husukumwa kifuani. Moyo dhaifu huweza kuzidiwa, mapafu yakajaa maji. Mzamiaji akipanda, vipovu vya nitrojeni huweza kutokea damuni. Kwa kawaida mapafu huvichuja, lakini kitundu moyoni huvipitisha hadi ubongoni. Dk. Peter Wilmshurst na wenzake waliandika juu ya hatari hiyo mwaka 1989. Karibu mtu 1 kati ya 4 ana kitundu hicho, wengi bila kujua. Si kila mgonjwa hukatazwa. Tumuone daktari anayejua mambo ya uzamiaji kabla ya kukata tiketi.