Yuniti Moja ya Mto Mubuku

David MacKay, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikuwa mbunifu hodari. Ndiye aliyebuni Dasher, programu inayomwezesha mtu asiyeweza kutumia mikono kuandika kwa mwendo wa macho. Lakini mimi namshukuru zaidi kwa kazi nyingine. Alichukua petroli ya gari, umeme wa taa na joto la jikoni, akavipima vyote kwa kipimo kimoja: yuniti ngapi kwa mtu mmoja kwa siku. Kitabu chake chenye hesabu hizo kilitoka mwaka 2008, na akaruhusu kisomwe bure kwenye intaneti. Alifariki Aprili 2016 akiwa na miaka 48. Hesabu yake inatufaa sana sisi tunaoishi chini ya milima ya Rwenzori, Uganda.

Yuniti anayoisema, yaani kilowati-saa, ni ileile inayopungua kwenye mita ya yaka, ile ya kulipia kabla. Taa ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana hula karibu yuniti moja. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Chaja ya simu iliyosahauliwa ukutani bila simu, ikivuta nusu wati, itahitaji karibu miezi mitatu kuifikisha. Na bado kuna nyumba ambamo watoto hugombezwa kila siku kwa ajili ya chaja!

Sasa tupande Mto Mubuku, hapa Kasese. Mto huo una mitambo mitatu ya umeme: wa megawati 5 uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe, wa Bugoye wa megawati 13 ulioanza kazi mwaka 2009, na uliojengwa na kampuni ya kobalti wenye takribani megawati 10. Yote ikizunguka kwa nguvu zake zote kutwa kucha, inatoa yuniti 672,000 kwa siku. Sensa ya 2014 ilikuta wilayani Kasese watu karibu 700,000. Ukigawanya, mtu mmoja hapati hata yuniti moja kamili, na hapo tumejifanya kwamba umeme wote unabaki Kasese, wakati huingia kwenye gridi ya taifa. MacKay alikadiria kuwa Mwingereza wa kawaida hutumia yuniti 125 kwa siku, kwa kila aina ya nishati.

Je, sisi kweli tunaishi kwa yuniti moja? Hapana. Nenda Bwera siku ya soko uangalie magunia ya makaa. Kilo moja ya makaa ina joto la yuniti nane hivi. Familia ya watu sita inayochoma kilo mbili kwa maharage na bundu, ugali wetu, imetumia yuniti 16, karibu tatu kwa kila mtu, kabla hata ya kuwasha taa. Nishati yetu iko jikoni, na sehemu kubwa inapotea hukohuko. Sogeza kiganja ubavuni mwa sigiri ya bati isiyo na udongo ndani: utakiondoa upesi. Joto hilo limelipiwa, na sufuria haikulipata.

Ndiyo maana nilifurahi WWF ilipoichagua Kasese mwaka 2012 iwe wilaya ya mfano ya nishati safi, ikilenga kumfikia kila mtu ifikapo 2020. Taa za sola ziliondoa moshi wa kibatari kwenye daftari za watoto, na hilo si jambo dogo. Ila jiko ndilo lilistahili kutangulia.

Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage kwa chini ya yuniti moja. Tangu 2022 Uganda imekuwa na bei nafuu ya kupikia, lakini inaanzia yuniti ya 81 ya mwezi. Mama anayenunua umeme kidogo kidogo hafiki huko kamwe, naye ndiye mwenye moshi machoni. Ngazi hiyo ya bei imewekwa kichwa chini, na inafaa igeuzwe.

Anayetaka kujua hali ya nyumba yake aazime mizani dukani, apime makaa ya wiki moja, azidishe kwa nane, kisha aandike jibu kando ya yuniti za yaka za wiki hiyohiyo.