Giza Linalindwa Ili Nyota Zionekane: Mikusanyiko ya Darubini katika Hifadhi ya Grand Canyon

Mwezi Juni wa kila mwaka, jua linapokuchwa katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon, jimbo la Arizona nchini Marekani, watalii wengi hawarejei hotelini. Huelekea katika maegesho ya magari yaliyo nyuma ya kituo cha wageni cha Ukingo wa Kusini, ambako wapenzi wa elimu ya falaki wamekwisha kupanga darubini zao. Utaratibu huo umedumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anayeangalia halipi chochote zaidi ya kiingilio cha kawaida cha hifadhi, na wenye darubini hufika kwa kujitolea.

Wageni hupanga foleni, na palipo na darubini ndefu hupanda ngazi kwanza ndipo wachungulie. Wapo wanaoona pete za Zohali kwa mara ya kwanza na kudhani kwamba ni picha iliyobandikwa ndani ya darubini. Darubini nyingine huelekezwa kwenye fundo la nyota liitwalo M13, lenye nyota mamia ya maelfu, ambalo mwanga wake umesafiri kwa zaidi ya miaka 20,000 kabla ya kulifikia jicho la mtazamaji.

Darubini kubwa kumilikiwa na watu wa kawaida si jambo la zamani sana. Mmoja wa waliolirahisisha ni John Dobson wa San Francisco, aliyeshiriki mwaka 1968 kuanzisha kikundi cha kuonyesha nyota njiani. Yeye alisugua vioo kwa mkono, akatumia mabomba ya karatasi ngumu na vitako vya mbao, na muundo wake sasa umeenea duniani. Inasimuliwa kwamba askari mmoja wa hifadhi alimwambia kuwa anga si sehemu ya hifadhi. Dobson akajibu kwamba hifadhi ni sehemu ya anga.

Sharti kuu katika mikusanyiko hiyo ni taa nyekundu pekee. Jicho huhitaji takribani nusu saa kulizoea giza, na chembe zake zinazofanya kazi gizani haziathiriwi sana na mwanga mwekundu. Tochi nyeupe, au simu moja iliyowashwa bila kufikiri, huwarudisha watu wote mwanzo.

Hata hivyo, tochi huzimika, miji haizimiki. Las Vegas, iliyo umbali wa takribani kilomita 270, huonekana kama weupe hafifu kwenye upeo wa macho. Mwanga unaoelekezwa juu hutawanywa na hewa na vumbi, ukafunika nyota dhaifu kwanza, kisha Njia Nyeupe yote. Darubini, hata iwe ya gharama gani, haiwezi kuurejesha weusi wa anga uliokwisha kupotea. Kwa sababu hiyo hifadhi ilibadilisha taa zake, zikafungwa nyingine zenye kofia zinazomulika chini tu, na mwaka 2019, ilipotimiza miaka 100, ilithibitishwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza.

Mfano wa karibu zaidi wa sheria ni mji wa Flagstaff, kusini mwa hifadhi. Mwaka 1958 mamlaka za mji zilipiga marufuku kurunzi kubwa za matangazo ya biashara ili kukilinda Kituo cha Lowell, ambako sayari kibete Pluto iligunduliwa mwaka 1930. Wakazi hawakuachwa gizani: taa za barabarani zinawaka, ila zinamulika barabara. Mwaka 2001 Flagstaff ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kimataifa kwa kulinda giza la usiku.

Tarehe za mkusanyiko hupangwa kwa kuangalia mwandamo wa mwezi, ili mbalamwezi isiharibu shughuli. Wageni hushauriwa kuvaa nguo nzito, kwa kuwa ukingo huo upo takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi hata wakati wa kiangazi.