Vifaa vya Michezo Mpakani: Kuingia kwa Muda Ni Nini?

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitapokea kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Nchi hizo hizo zilipokea CHAN mwezi Agosti 2025, na timu yetu ilicheza mechi zake za kundi mjini Nairobi. Sisi watazamaji tunaona wachezaji 22 na mpira mmoja. Hatuoni makasha ya kamera za televisheni, mitambo ya waamuzi, vitanda vya madaktari wa timu, wala magunia ya mipira ya mazoezi. Kinshasa nayo ilipokea shehena za namna hiyo mwaka 2023, wakati wa Michezo ya Francophonie.

Kitu kikivuka mpaka hulipiwa ushuru. Hiyo ndiyo kawaida. Lakini kamera iliyokuja kwa mwezi mmoja haikuja kuuzwa sokoni. Kwa hiyo sheria za forodha (wengi wetu hapa tunasema tu douane) zina njia nyingine, ambayo Wafaransa wanaiita admission temporaire, yaani kuingia kwa muda. Watu hudhani huo ni msamaha wa kodi. Mimi naona neno linalofaa zaidi ni ahadi: forodha inakuacha upite bila kulipa, mradi kitu hicho hicho, si kinachofanana nacho, kitoke tena.

Na ahadi hii haikubaliwi kwa maneno matupu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 117, inamtaka ofisa apange muda usiozidi miezi 12, na mwenye mali aweke dhamana, ama kwa hati ama kwa fedha. Kanuni yetu ya Forodha ya mwaka 2010 nayo ina utaratibu wa kuingia kwa muda. Tuchukue mfano: vifaa vina thamani ya dola 20.000, na kodi zote zikijumlishwa ni 30%. Dhamana ya fedha itakuwa dola 6.000, na zitakaa huko mpaka vifaa vitoke. Shirikisho kubwa halisikii uchungu. Klabu ndogo ya mpira wa mikono iliyochangisha nauli mtaani inasikia.

Kwa nchi zilizokubaliana, kuna kitabu kinachopunguza mzigo huo: karne ya ATA, kutoka carnet ya Kifaransa. Jina lenyewe litawafurahisha wanafunzi wa lugha. A na T za kwanza ni za Kifaransa, admission temporaire. T na A ni za Kiingereza chenye maana ile ile. Lugha mbili zimeshikana mikono na kugawana T ya katikati. Karatasi za njano ni za kutoka na kurudi nyumbani, nyeupe za kuingia na kutoka ugenini, buluu za kupita tu. Kitabu hutolewa na chama cha wafanyabiashara cha nchi anakotoka mwenye mali, hudumu mwaka mmoja, na kinasimama mahali pa dhamana kila mpaka. Maroko na Afrika Kusini zinakipokea. Si nchi zote, basi timu iulize kabla ya kufunga mizigo.

Ila iwe kwa kitabu au kwa dhamana, moyo wa jambo ni orodha ya vitu, na hapa kazi inakuwa yetu sisi watu wa lugha. Ofisa wa siku ya kutoka huenda si yule wa siku ya kuingia. Hakuona chochote, ana maneno tu. Ukiandika "kompyuta 4", umempa nini? Andika aina, rangi, namba iliyochongwa kwenye kifaa, thamani. Na tafsiri nayo ina mitego yake. Chukua mistari miwili ya Kifaransa: filets 12, perches 4. Mkufunzi anajua ni nyavu za voliboli na pondo za kurukia. Mashine ya kutafsiri, au mfasiri aliyekaa mbali na uwanja, anaweza kusoma minofu na samaki, maana filet ni wavu na ni mnofu, na perche ni upondo na ni jamaa wa sangara. Chakula hakiingii kwa muda! Hata Kiswahili chetu kinatega: Lubumbashi wengi huita baiskeli kinga, na huko pwani kinga ni kitu cha kujikinga.

Nimesema chakula. Kitu kitakacholiwa, kunywewa, kupakwa au kugawiwa hakiwezi kutimiza ahadi ya kurudi. Maji, dawa za misuli, bandeji, fulana za zawadi: vyote hivyo viandikwe kwenye orodha ya pembeni na viombewe njia nyingine, ama kulipiwa ama kuombewa msamaha hasa. Mipira iliyochakaa kwa kuchezewa haina shida, kwa sababu uchakavu wa matumizi ya kawaida unakubaliwa. Lakini timu ikipenda kuiachia shule ya jirani mipira hiyo, jambo ambalo mimi nalipenda sana, iiambie forodha kabla ya kutoa zawadi. La sivyo mkono mwema unageuka deni, linalohesabiwa tangu siku mipira ilipoingia.

Farasi na bunduki za kulenga shabaha vina vibali vyao vya ziada, na sitaviingilia.

Hatari kubwa ni siku ya kurudi. Mechi imekwisha, ndege ni ya usiku, kila mtu anawaza nyumbani, na makasha yanapakiwa bila ofisa kuyaona. Vifaa vimetoka kweli, ila kwenye karatasi bado vimo nchini, na dhamana hairudi. Ndiyo maana mtu mmoja wa msafara, asiye mchezaji, apewe kazi hii peke yake: afike uwanja wa ndege saa kadhaa kabla ya wenzake, makasha yakiwa bado yanafunguka, aonyeshe namba moja baada ya nyingine, na asiondoke dirishani bila mhuri wa kutoka na nakala yake mkononi.