Mkutano Bila Dola: Demokrasia ya Moja kwa Moja na Swali la Utekelezaji katika Jamii za Mara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna demokrasia ya moja kwa moja inavyoweza kufanya kazi katika jamii isiyo na dola, ambayo ndiyo jamii inayokusudiwa na falsafa ya uanakia. Mjadala huu aghalabu huchota mifano yake Ulaya, hususani Paris ya mwaka 1871 na Hispania ya mwaka 1936. Hata hivyo, Mkoa wa Mara una historia inayoligusa swali hili kwa karibu. Hoja kuu ni kwamba mkutano wa watu wote waweza kuamua bila mtawala. Ugumu huanza pale uamuzi unapohitaji kutekelezwa.

2.0 Dhana ya Uanakia

Uanakia si fujo. Peter Kropotkin na wenzake walipinga mamlaka ya kulazimisha, hawakupinga utaratibu. Kwa mtazamo wao, wakazi hukutana, hujadiliana na kuamua wenyewe mambo yanayowahusu. Jambo linalovuka mipaka ya eneo lao hupelekwa na mjumbe mwenye maagizo mahususi, ambaye wakazi wanaweza kumwondoa wakati wowote. Murray Bookchin, aliyeandika kwa muda mrefu ndani ya mapokeo hayo, alitenganisha kazi mbili: kuamua sera, ambako ni haki ya mkutano, na kuitekeleza, ambako wachache wanaweza kukabidhiwa chini ya uangalizi wa mkutano huo. Utengano huo ndio kipimo cha makala haya.

3.0 Mara Kabla ya Dola

Kabla ya ukoloni, Wazanaki na Wakuria hawakuwa na mtawala mmoja. Mambo yao yaliendeshwa kwa koo, marika na mabaraza ya wazee. Hata utemi wa Butiama uliimarishwa na wakoloni: Nyerere Burito, babake Mwalimu Julius Nyerere, alipata cheo hicho chini ya Wajerumani mwaka 1915. Mwaka 1963 Mwalimu aliueleza mjadala huru wa watu walio sawa kuwa ndio msingi wa demokrasia ya Kiafrika. Huenda maelezo hayo yalikuwa na mwangwi wa mazingira aliyokulia.

Miongoni mwa Wakuria, masuala ya jamii yalijadiliwa katika mkutano wa hadhara uitwao iritongo. Pasipo polisi wala gereza, utii ulitokana na viapo, hofu ya laana na kutengwa. Mkulima au mfugaji aliyetengwa hukosa wa kumsaidia, hivyo adhabu hiyo haikuwa ndogo. Hata hivyo, kando ya iritongo lilikuwapo baraza la wazee, inchama, lililoendesha shughuli zake kwa siri. Aidha, wanawake hawakuwa na sauti sawa na ya wanaume. Kukosekana kwa dola, basi, hakukumaanisha kukosekana kwa madaraka. Madaraka yalikaa mahali ambapo wengi hawakuweza kuyahoji.

4.0 Funzo la Sungusungu

Swali la utekelezaji lilijitokeza upya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walipoanzisha sungusungu dhidi ya wizi wa mifugo. Katika hali yake ya awali, jumuiya yenyewe ndiyo iliyoamua na kutekeleza. Watafiti kama Ray Abrahams na Suzette Heald waliona humo uwezo wa wanakijiji kujipangia usalama pale dola iliposhindwa. Lakini watuhumiwa wengine walipigwa, na wanawake walioitwa wachawi hawakuwa na pa kukata rufaa. Hatimaye serikali iliyakumbatia makundi hayo. Michael Fleisher, akiandika kuhusu Wakuria wa Tanzania mwaka 2000, aliyaita makundi yanayofadhiliwa na dola. Kilichoanza kama nguvu ya mkutano kiligeuka kuwa mkono wa serikali.

5.0 Mkutano wa Leo

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18, kuwa ndicho chombo chenye mamlaka ya juu kuhusu sera za kijiji. Mijini, kama katika Kata ya Kamunyonge, Manispaa ya Musoma, wakazi hukutana katika ngazi ya mtaa. Katika mazingira yote mawili mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, ilhali afisa mtendaji huajiriwa na serikali na huwajibika kwa mwajiri wake. Kwa kipimo cha Bookchin, mkutano upo, lakini mtekelezaji hayuko chini yake.

6.0 Hitimisho

Demokrasia ya moja kwa moja katika jamii ya kianakia ingehitaji masharti matatu. Kwanza, kila mkazi awe na sauti, bila kujali jinsia wala umri wa utu uzima. Pili, mtekelezaji ateuliwe na mkutano, afanye kazi hadharani na aweze kuondolewa nao. Tatu, mtuhumiwa awe na mahali pa kukata rufaa nje ya umati uliomhukumu. Iritongo lilikosa sharti la kwanza, sungusungu ilikosa la tatu, na mkutano wa leo umekosa la pili. Kuondoa dola bila kutimiza masharti hayo ni kuyahamisha madaraka tu, wala si kuyagawa.