VIWANJA VYA WAZI NI MALI YA UMMA

Mji wa Dar es Salaam umejaa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji huu. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Watu wote hao wanahitaji nyumba, shule, zahanati, masoko na barabara, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayewalaumu kwa kuyahitaji hayo. Lakini liko hitaji moja lisilo na msemaji, kwa kuwa halilipi kodi wala halipangishwi, nalo ni mahali pasipojengwa kitu. Leo twataka kulisemea hilo.

Yafaa tuanze na Mnazi Mmoja, maana vijana wengi wapitao pale kila siku kwenda Kariakoo hawajui uwanja ule ulitoka wapi. Haukuwekwa kwa ajili ya kumpendeza Mwafrika. Wajerumani waliuchora katika mipango yao, na Waingereza wakaukamilisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ili uwe mpaka: huku Uhindini na Uzunguni, kule Waafrika wa Kariakoo. Kisingizio kilikuwa afya. Eti maradhi ya Uswahilini yasivuke kwenda kwa wakubwa. Basi ukanda ule uliotengwa ili watu wasichanganyike ndio uliokuja kuwakusanya. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, ofisi yake ilikuwa nyumba ndogo katika mtaa wa New Street, ambao sasa waitwa Lumumba, hatua chache kutoka uwanjani. Nyumba ile haikuweza kuingiza umati. Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa mwaka 1955 hakuwa na redio ya kusemea wala jumba la kutosha watu wake. Alisimama Mnazi Mmoja, wakaja kumsikiliza kwa maelfu. Baadaye mikutano ikafanyika hata Jangwani. Kwa hiyo mwanachama akisikia kwamba kiwanja cha wazi kimeuzwa, na aelewe kuwa pameuzwa mahali pa namna ile ile ambapo Chama chake kilijifunza kutembea.

Wako wasemao kwamba kiwanja kisichojengwa kimekaa bure. Neno hilo twalisikia sana siku hizi, na mara nyingi latoka kinywani mwa mtu mwenye bustani nyuma ya nyumba yake. Kabwela wa Manzese au Tandale hana bustani. Familia yake huenda ikaishi katika chumba kimoja, na mlango wake wafunguka kwenye ukuta wa jirani. Watoto wake wachezee wapi chandimu, kama si uwanjani? Akifiwa, turubai litandikwe wapi, waombolezaji wakae wapi? Akitaka kuozesha binti yake? Twajua jibu: barabara hufungwa, na gari la wagonjwa likija halina pa kupita.

Tena iko siku ambayo uwanja huokoa roho. Mabomu yalipolipuka katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, maelfu ya wananchi walikimbia makwao, na wengi wao wakakusanyika katika Uwanja wa Uhuru. Lau pale pangekuwa na maduka, wangekusanyika wapi? Mwezi Desemba mwaka ule ule ikaja mvua kubwa. Bonde la Msimbazi likafurika na watu zaidi ya 40 wakafa, na Serikali ikawahamishia wengi wa walionusurika Mabwepande. Bonde lile ni kiwanja cha wazi kilichowekwa na Mwenyezi Mungu kwa ajili ya maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini mto wenyewe hausomi sheria, hudai pake. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa Jangwani na wataalamu wenye vyeti vyao, imeingiliwa na maji si mara moja wala mbili.

Sasa tuseme jinsi viwanja vinavyoibwa, kwa maana haviibwi usiku kwa kuvunja mlango. Kwanza huja kibanda kimoja cha kuuza soda, na watu hufurahi kupata kinywaji karibu. Kisha huja kontena. Kisha huja mtu mwenye magari ya kuosha, naye huzungushia mabati, akisema ni ya muda tu. Mwaka wa tatu mabati huwa matofali, na siku mwenyekiti wa mtaa anapokwenda kuuliza huonyeshwa hati yenye muhuri. Nani aliyeitoa hati hiyo juu ya eneo ambalo ramani ya mipango miji yalionyesha kuwa la wazi? Hapo ndipo kila mtu huanza kutazama juu.

Hatusemi haya kumwonea machinga. Yeye ametandaza bidhaa zake chini na jioni huzifunga akaenda zake, uwanja hubaki. Tunamsema bwana mkubwa aliyejificha nyuma ya machinga.

Na kuna jambo ambalo lazima tuliseme sisi wenyewe, tusingoje kusemewa na wapinzani wetu. Mara nyingi kile kibanda cha kwanza huwa na bendera ya Chama. Huitwa shina la wakereketwa. Wazee huketi pale wakicheza bao na kuzungumza siasa, na hilo ni jema. Lakini baada ya muda nusu ya kibanda hukodishwa kwa fundi simu, nusu ya pili kwa muuza chipsi, na afisa wa mipango miji apitapo huogopa kuigusa bendera. Waliosoma Biblia wanakumbuka habari za Mfalme Ahabu, aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililokuwa kando ya jumba lake, na jinsi barua za kumdhulumu Nabothi zilivyopigwa muhuri wa mfalme. Muhuri ule ulikuwa halali. Kilichofanywa nao ndicho kilichokuwa haramu.

Jirani zetu wa Kenya wana funzo ambalo latuhusu sana. Mwaka 1989 chama kilichotawala huko wakati ule, KANU, kilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969 katikati ya Nairobi. Humo zingekuwamo ofisi za chama na za gazeti lake, Kenya Times, na mbele yake ingesimamishwa sanamu ya Rais. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kwa wakubwa wa Serikali na kwa wafadhili wa nje, akiuliza kwa nini wananchi wa kawaida wanyang'anywe mahali pao pa kupumzikia. Alidhihakiwa Bungeni. Lakini wafadhili walirudi nyuma, na mwaka 1992 uzio uliozungushiwa mahali pa ujenzi ukaondolewa. KANU ikatoka madarakani mwaka 2002, Kenya Times nalo limekwisha kufa, na Uhuru Park ipo. Sisi tuandikao katika gazeti la Chama hatuwezi kuisoma habari hiyo kama wengine waisomavyo, maana nyumba ile ilikuwa ijengewe watu wa kazi yetu.

Hata hivyo Nairobi hawakupona. Mwezi Januari, 2015, watoto wa shule ya msingi ya Langata Road walirushiwa mabomu ya machozi walipokuwa wakipinga kuzungushiwa ukuta uwanja wao wa kuchezea. Watoto!

Kwetu sheria haikukosekana. Tangu mwaka 1963 ardhi ya kumilikiwa milele na mtu binafsi ilifutwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kuwa ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuikumbusha. Mwananchi wa Mtaa hajui hata ni viwanja gani vilivyo vyake, kwa kuwa ramani imefungiwa kabatini huko Manispaa. Na ibandikwe nje ya kila ofisi ya Serikali ya Mtaa, kwa maandishi makubwa. Kila kiwanja cha wazi kipimwe, kiwekewe mawe ya mpaka, na Halmashauri ipewe hati yake kwa niaba ya wananchi, ili mjanja akienda kuomba aambiwe kuwa kina mwenyewe.

Matawi ya Chama yasingoje upimaji. Kila tawi lihesabu mashina yake yaliyosimama juu ya viwanja vya wazi, liwape notisi wapangaji wa fremu, na bendera zihamishiwe mahali ambapo Chama chapalipia pango kama wanavyolipa watu wengine. Makatibu wa matawi wanaweza kuanza Jumamosi hii.