Kisukari na Sahani ya Bujumbura

Kisukari cha aina ya pili ni ugonjwa ambao mwili bado hutengeneza insulini, yaani homoni ya kongosho inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli, lakini seli haziitikii insulini hiyo ipasavyo, na kongosho lenyewe huendelea kudhoofika. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifikia miligramu 126 za sukari kwa desilita ya damu, na kipimo cha pili kikatoa jibu la namna hiyo, mgonjwa huandikiwa dawa na kushauriwa abadili chakula, ushauri ambao wengi huuelewa kuwa ni kuacha sukari ya chai tu.

Uelewa huo ni finyu mno kwa mji kama Bujumbura, ambao mlo wake mkuu ni ugali wa muhogo, wali, viazi au ndizi za kupika, kwa kuwa wanga ni sukari iliyoungana, ambayo tumbo huivunjavunja na kuifikisha katika damu. Unga wa muhogo una wanga zaidi ya asilimia 80 na protini isiyofika asilimia 2, hivyo anayekunywa chai isiyo na sukari asubuhi kisha mchana akamaliza bonge zima la ugali na mchuzi kidogo amejinyima utamu bila kuipunguzia damu yake mzigo wowote wa maana. Hata ugali wa mtama au wa mahindi yasiyokobolewa, ingawa una nyuzinyuzi nyingi zaidi, hauliwi bila kipimo.

Chakula kinachofaa zaidi kimo tayari jikoni, nacho ni maharage, ambayo Warundi ni miongoni mwa walaji wake wakubwa duniani, japokuwa mjini kuna wanaoyadharau wakiyaita chakula cha maskini. Maharage nayo yana wanga, lakini wanga huo umefungamana na nyuzinyuzi na protini, kwa hiyo humeng'enywa polepole na sukari hupanda kwa utaratibu. Katika chungu cha ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, basi, mgonjwa halazimiki kukiacha chakula alichokizoea, bali hugeuza uwiano: maharage yawe mengi, vipande vya ndizi viwe vichache, na mawese, ambayo karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayodhuru moyo, yapimwe kwa kijiko. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kuijaza nusu ya sahani kwa mboga kama lengalenga, biringanya au kabichi, robo kwa maharage au samaki, na robo iliyobaki kwa ugali au wali. Samaki wa Ziwa Tanganyika kama ndagala na mukeke wanafaa sana, mukeke wa kuchoma akiwa bora kuliko wa kukaangwa. Sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopikwa, pia ni nzuri, ila ikiungwa kwa karanga na mawese mengi huwa chakula kizito.

Ugumu mkubwa pengine hauko katika chakula chenyewe bali katika namna ya kukila, kwa sababu familia inapozunguka sinia moja, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, hakuna ajuaye amekula tonge ngapi. Njia rahisi ni mgonjwa kupakuliwa sehemu yake pembeni kabla sinia haijaletwa, bila kupikiwa chakula cha peke yake, kwa kuwa mlo unaomfaa mgonjwa hauidhuru familia.

Kuhusu vinywaji maneno ni machache: chupa ya soda ya sentilita 33 huwa na takribani gramu 35 za sukari, na juisi ya matunda, hata ya nyumbani, hupandisha sukari haraka kuliko tunda lenyewe.

Kupunguza uzito ni suala jingine. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wanene waliowekwa kwenye mpango mkali wa kupungua sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa za kisukari. Hata hivyo, wako wagonjwa wembamba, na kuwahimiza wapungue ni kuwadhuru; hao wanahitaji chakula cha kutosha chenye mpangilio mzuri.

Mpangilio wa saa za kula ni wa lazima hasa kwa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, ambavyo hulisukuma kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu, na kwa hiyo huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Urwarwa, yaani pombe ya ndizi, au bia bila chakula huzidisha hatari hiyo, kwani ini linaloshughulika na pombe hushindwa kutoa sukari ya kutosha katika damu. Wanaotumia dawa hizo na wanaokusudia kufunga wanapaswa kumwona daktari majuma kadhaa kabla ya Ramadhani, na sukari ikishuka chini ya miligramu 70, hali inayojitokeza kwa kutetemeka, jasho na kizunguzungu, wafungue saumu papo hapo kwa vijiko vitatu vya sukari katika maji, kisha wapime tena baada ya dakika 15.