Tano Mbili katika Juma Moja: Hesabu ya Siku za Waswahili

Katika juma la Waswahili mna siku mbili zinazobeba jina la tano, nazo zimefuatana. Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Kibantu; Alhamisi, yenye asili ya Kiarabu, nayo ni ya tano. Mwanafunzi anayelitambua jambo hili aghalabu huambiwa kuwa ni mkanganyo uliozaliwa na mchanganyiko wa lugha. Maelezo hayo hayatoshi, tena yanapotosha, kwani hakuna hesabu iliyokosewa hapa. Zipo hesabu mbili, na kila moja ina mwanzo wake.

Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili, waiitayo al-ahad, yaani ya kwanza, hadi al-khamis, ya tano. Ijumaa na Jumamosi hazina namba: moja ni siku ya mkusanyiko, ya pili ni Sabato. Waswahili hawakuifuata hesabu hiyo. Waliichukua Ijumaa, siku ya sala kuu, wakaanza kuhesabu siku inayoifuata: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Juma ni neno la mkopo, lakini namba zote tano ni za Kibantu. Hiyo mosi, ambayo katika kuhesabu vitu vya kawaida imekwisha kuachia nafasi moja, ingali hai katika tarehe mosi na Mei Mosi.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi lugha nyingine zinapotazamwa. Kisomali, Kihausa na Kimalagasi zimekopa majina yote saba kutoka Kiarabu; Mmalagasi husema Alahady kwa Jumapili na Alakamisy kwa Alhamisi. Kiswahili, ambacho mara nyingi hudaiwa kuwa kimemezwa na Kiarabu kuliko jirani zake, kimekopa mawili tu kwa ukamilifu. Tena hesabu yake imesafiri hadi bara: Wakikuyu husema Njumamothi kwa Jumamosi na Aramithi kwa Alhamisi, ingawa Jumapili wana jina lao, Kiumia. Katika Kinyarwanda na Kirundi siku ya kwanza ni Jumatatu, kwa hiyo siku yao ya tatu ndiyo Jumatano ya Waswahili. Mfasiri asiyelijua hilo atawakosesha watu miadi.

Linabaki swali la siku ya sita. Kwa nini hapakuwa na Jumasita, au kwa namba ya kale, Jumamtandatu? Jibu lililo karibu zaidi na mila ni kwamba Alhamisi si siku ya kawaida katika mwendo wa juma. Ndiyo mlango wa Ijumaa, kwa kuwa jua likichwa siku hiyo, Ijumaa imekwisha kuingia. Siku mbili zenye uzito wa ibada zimebaki na majina ya lugha ya ibada. Zile tano za shughuli zikahesabiwa kwa lugha ya nyumbani.

Hapa pana hatari kwa wasomaji wa maandishi ya kale. Kwa desturi ya pwani siku huanza magharibi, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, basi, ni ule unaoanza Alhamisi jua linapokuchwa. Mtafiti akikuta katika waraka kwamba jahazi lilitia nanga usiku wa Ijumaa saa tatu, naye akaandika kuwa ni Ijumaa saa tatu usiku kwa maana ya leo, amekichelewesha chombo hicho kwa saa ishirini na nne kamili. Anayelinganisha tarehe za Hijria na za Miladi huongeza kosa juu ya kosa, maana tarehe ya Hijria nayo hugeuka magharibi, ilhali ya Miladi hungoja saa sita ya usiku.

Magazeti ya Kiswahili yameona tatizo hilo, hata kama wahariri wake hawalitaji. Ndiyo sababu huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", maneno ambayo babu wa pwani angeyaona ya ziada, kwani kwake usiku wa Ijumaa haukuwa na namna nyingine ya kuwa.